Plasma: luninga iliyozaliwa darasani

Wiki chache kabla ya Kombe la Dunia la mwaka 2006 kuanza kule Ujerumani, jumuiya yetu hapa Chicago ilikaa kikao cha saa tatu kwa ajenda moja tu: luninga ya ukumbini. Ile ya zamani ilikuwa imechoka, picha imegeuka ya kijani, na vijana walikuwa wameapa kwamba safari hii hawatautazama mpira kwa kukisia. Kila mtu alitaka plasma. Siku zile neno hilo lilikuwa na uzito wake. Aliyekuwa nayo sebuleni alialika wageni hata pasipo shughuli. Ile ya inchi 42 tuliyoichagua ilitaka karibu dola 2,000. Mama mmoja mtu mzima, ambaye ndiye hutukumbusha kila mwaka mchango wa shule ya nyumbani, akauliza kwa upole: "Wanangu, fedha hizo ni madawati mangapi?" Hakuna aliyemjibu. Tukanunua.

Hatukujua, wala yeye mama hakujua, kwamba chombo tulichokuwa tukikigombania kilibuniwa kwa ajili ya wanafunzi, tena katika jimbo hilihili la Illinois, mwendo wa saa mbili na kitu kwa gari kutoka pale tulipoketi.

Kisa chenyewe kinaanzia Urbana, kwenye Chuo Kikuu cha Illinois. Mwaka 1960 mhandisi kijana aitwaye Donald Bitzer alianzisha mradi wa PLATO, uliokusudia kumfundisha mwanafunzi kwa kompyuta. Kompyuta ilipatikana. Kikwazo kilikuwa kioo. Kioo cha luninga ya kawaida ya wakati ule hakikuweza kukumbuka kitu: picha ikishachorwa hufifia papo hapo, ikabidi ichorwe upya mara nyingi kila sekunde. Kwa hiyo kila mwanafunzi alihitaji, kando ya kioo chake, kumbukumbu ya kompyuta ya kuishikilia ile picha, na kumbukumbu katika miaka hiyo ilikuwa ghali mno. Kwa wanafunzi wawili watatu inawezekana. Kwa mamia, mradi unakufa.

Mwaka 1964 Bitzer, pamoja na mwenzake Gene Slottow na mwanafunzi wao wa shahada ya juu, Robert Willson, walilijibu swali hilo kwa njia ya ajabu kidogo: basi kioo chenyewe kikumbuke. Walichukua vipande vya kioo, wakafungia gesi katikati, na nje wakaweka njia nyembamba za umeme. Umeme ukipigwa kwa nguvu, gesi inawaka. Chaji inayobaki kwenye kuta za kioo inasaidia ule mwali kuendelea kwa umeme mdogo zaidi, hata uamriwe kuzimika. Nukta iliyoambiwa iwake inabaki inawaka, bila kukumbushwa na mtu.

Mwanzoni zilikuwa nukta za kuhesabika kwa vidole. Kufikia mwaka 1972, wanafunzi wa PLATO walikaa mbele ya kioo chenye nukta 512 kwa 512, chenye mwanga wa rangi ya chungwa, na wakajibu maswali kwa kukigusa kwa kidole. Mwaka 1972! Mwaka huo Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha luninga, na haikupata hadi 1994. (Wazanzibari wasome sentensi hiyo kwa raha zao, wao walikuwa na luninga ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, na hawajaacha kutukumbusha.)

Kutoka rangi ya chungwa hadi rangi zote ilikuwa safari ndefu, na wengi waliishia njiani. Siri yake ni ileile ya taa ya tyubu tuliyoizoea madukani. Gesi ikiwaka hutoa mwanga usioonekana kwa macho, na mwanga huo ukiupiga unga maalumu uliopakwa ndani, unga ndio unaong'aa. Plasma ya rangi ni vijumba vidogo mno vya unga mwekundu, kijani na buluu, maelfu kwa maelfu. Fujitsu walitoa ya inchi 21 mwaka 1992. Mwaka 1997 Philips waliingiza ya inchi 42 katika maduka ya Marekani kwa takriban dola 15,000, bei ya gari. Huku nyuma Larry Weber, aliyelelewa katika maabara ileile ya Illinois, alikuwa ameunda kampuni yake ya Plasmaco mwaka 1987, baada ya IBM kuamua kuachana na kazi hiyo. Matsushita, yaani wenye jina la Panasonic, waliinunua mwaka 1996. Mwaka 2002 Bitzer, Slottow na Willson walipewa tuzo ya Emmy. Slottow alikuwa ameshafariki.

Sasa turudi ukumbini. Dukani plasma ilionekana hafifu kando ya LCD, kwa kuwa taa kali za duka ziliakisiwa na kioo chake. Tulikaribia kubadili mawazo. Muuzaji mmoja akatuambia gesi yake huisha na kujazwa upya kama ya jokofu, jambo ambalo halikuwa kweli hata kidogo. Ilikuwa nzito, ikabebwa na wanaume wanne ikiwa imesimama, maana tulionywa kwamba ikilazwa kioo kinaweza kupasuka. (Waliojaribu kuzisafirisha nyumbani ndani ya makontena waligundua tatizo jingine wakati wa kuchomeka: nyingi za hapa zilitengenezewa umeme wa volti 120, na nyumbani ni karibu mara mbili yake.) Ilitoa joto pia, na Januari ya Chicago hakuna aliyelalamika. Lakini taa zilipozimwa na mpira ukaanza kukimbia, hatukujuta. Weusi ulikuwa mweusi kweli, wala mpira haukuacha mkia nyuma yake. Juni 22, Ghana ilipoifunga Marekani 2-1, majirani walikuja kuuliza kama tumepatwa na msiba.

Kosa tulilifanya wenyewe baadaye. Siku za wiki, aliyefungua ukumbi asubuhi alikuwa akiiwasha kwenye chaneli ya habari, ikabaki hapohapo mpaka usiku. Baada ya miaka miwili hivi, ule mstari wa habari wa chini na nembo ya pembeni vikaganda kwenye kioo. Ukitazama harusi, nembo ipo. Ukitazama mawaidha, ipo. Wapo waliosema plasma "imekumbuka". Kiufundi si kumbukumbu ile ya akina Bitzer, kwani ile ni chaji inayoondoka ukiamuru, na hili ni uchakavu wa unga uliotumikishwa kuliko jirani zake. Hata hivyo tulilizoea jina hilo.

LCD ziliendelea kushuka bei, zikawa nyepesi na zenye kula umeme kidogo. Pioneer walitangaza kujitoa mwaka 2009, Panasonic wakasimamisha utengenezaji mwishoni mwa 2013, Samsung na LG wakafuata mwaka 2014. Bitzer aliishi kuyaona hayo yote, akafariki Desemba 2024.

Ya kwetu tuliitoa mwaka 2015. Sheria ya Illinois ilikuwa imeshakataza luninga kutupwa jalalani tangu 2012, kwa hiyo ilibidi ipelekwe kwenye kituo cha kuchakata. Kabla ya kuichomoa, kijana mmoja aliiwasha kwa mara ya mwisho ikiwa tupu, kioo cheupe, na ule mstari wa habari ukaonekana wazi kuliko siku zote. Mama yetu wa madawati alikuwepo, na daftari la michango mkononi. Aliutazama kwa muda, akauliza mpya ni kiasi gani.

Tukamtajia: dola 400 na ushei. Akaandika.