Kodi ya kichwa hadi LUKU: mfuko wa halmashauri umepita mikono mingi

Mwanaume aliyekuwa mtu mzima kijijini Tanzania miaka ya 1990 anaikumbuka vizuri stakabadhi ya kodi ya maendeleo, yaani kodi ya kichwa. Ilitunzwa kuliko hati ya shamba, kwa sababu mgambo hawakuwa na muda wa kusikiliza maelezo. Siku ya gulio ndiyo ilikuwa siku ya hatari: watu wamekusanyika, hela iko mkononi, na mtendaji wa kata anajua. Asiye na stakabadhi alipita vichochoroni, au alimrudisha mbuzi wake nyumbani bila kumuuza. Kodi iliyopewa jina la maendeleo ikawa inafukuza watu sokoni.

Mizizi yake ni ya kikoloni. Wajerumani walitunga sheria ya kodi ya nyumba mwaka 1897, na hawakutaka fedha tu. Walitaka mtu alazimike kuuza mazao au kwenda kibarua. Waingereza wakaiendeleza kwa ustaarabu zaidi. Gavana Donald Cameron alipotunga sheria ya tawala za wenyeji mwaka 1926, watemi walifanywa wakusanyaji, sehemu ya kodi ikabaki kwenye hazina za wenyeji, na humo watemi wakalipwa mishahara badala ya ushuru wa kimila waliokuwa wakipokea kwa watu wao. Hapo ndipo naona mgeuko mkubwa ambao hausemwi sana. Mtemi aliyekuwa akila kwa watu wake sasa alilipwa kwa idhini ya bwana wilaya, naye akaanza kumtazama bwana wilaya.

Baada ya uhuru watemi waliondolewa, halmashauri za kuchaguliwa zikashika nafasi. Zilipewa shule, zahanati na barabara, lakini mapato yao yalikuwa haba na usimamizi dhaifu. Mwaka 1969 serikali kuu ikazinyang'anya za vijijini vyanzo vyao vikuu vya kodi, na majukumu mengi yakaenda navyo. Halmashauri isiyo na kodi wala kazi haina maisha marefu. Mwaka 1972, kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey, ukaja mpango wa Madaraka Mikoani. Jina lilikuwa zuri, ila madaraka yaliyofika mikoani yalikuwa ya wakurugenzi wa maendeleo walioteuliwa na serikali kuu. Halmashauri zilivunjwa, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikafutwa.

Mijini matokeo yalionekana haraka kuliko vijijini. Mitaro iliziba, taka zikarundikana, na mwishoni mwa miaka ya 1970 kipindupindu kikatikisa nchi. Mamlaka za miji zikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1978, na za wilaya zikafuata kwa sheria za 1982, zikaanza kazi 1984. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alikiri katika mahojiano kwamba kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika ni mambo mawili ambayo asingeyarudia. Si viongozi wengi wanaokiri kosa la ukubwa huo wakiwa bado madarakani.

Tatizo ni kwamba halmashauri zilirudi na njaa. Majukumu yalikuwa makubwa, mfuko mtupu, na njia rahisi ya kuujaza ilikuwa kumkamata anayepita. Kukawa na kodi ya maendeleo, leseni ndogondogo, ushuru wa soko, na ushuru wa mazao uliotozwa kwenye geti la barabarani. Mwenye magunia kumi ya mahindi kwenye lori alipunguziwa faida kabla hajafika mjini, na alipovuka mpaka wa wilaya nyingine mjadala ulianza upya. Mimi ni muumini wa serikali ndogo, na kwa macho yangu halmashauri ya namna hiyo ni mbaya mara mbili: inazuia biashara, halafu inakula sehemu kubwa ya inachokipata kwa kuwalipa wakusanyaji wake.

Ndiyo maana Juni 2003 Waziri wa Fedha, Basil Mramba, alipotangaza kufuta kodi ya maendeleo, vijijini watu walishusha pumzi. Uganda nao walisimamisha kodi yao ya kichwa mwaka 2005. Mwaka 2017 Tanzania ikapunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na anayesafirisha chini ya tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akaachwa apite.

Nafuu hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini pengo lilizibwa na ruzuku kutoka juu, na ruzuku huja na masharti yake. Tangu hapo mkurugenzi wa halmashauri ana sababu chache za kumwogopa mpiga kura na nyingi za kumwogopa aliyemteua. Wenzangu wa mrengo wa serikali ndogo hushangilia kodi inapofutwa na kuishia hapo. Hawaulizi nani atabaki na kalamu ya bajeti.

Kodi ya majengo ndiyo mfano hai. Ni kodi ya mtaa kuliko zote, kwa sababu nyumba haihami na kinachoipandisha thamani ni barabara na mtaro wa hapohapo. Hata hivyo mwaka 2016 ukusanyaji wake ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato (TRA), na tangu 2021 hukatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, awali shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ni rahisi kukusanya, hilo sikatai, na hakuna mgambo. Lakini mpangaji wa chumba kimoja Manzese, Dar es Salaam, anaponunua umeme, anayekatwa ni yeye, si mwenye nyumba, mpaka wawili hao waelewane. Akimfuata diwani kuuliza kiwango kilipangwaje, diwani naye alikisikia kwenye hotuba ya bajeti kutoka Dodoma.