Shule ya Kanisa Kijijini: Historia ya Elimu ya Msingi Mashambani Uingereza



Katika vijiji vingi vya Uingereza, jengo la shule ya msingi husimama hatua chache tu kutoka kanisani. Ni jengo dogo la mawe au matofali, lenye madirisha yaliyowekwa juu, na mara nyingi mwaka wa kujengwa kwake umechongwa ukutani. Ujirani huo haukutokea kwa bahati. Nakualika tuitazame historia ya shule hizo kwa maswali matatu ambayo raia wa nchi yoyote hana budi kuyauliza kuhusu shule ya mwanawe: Ni nani anayelipa? Ni nani anayeamua yafundishwayo? Na mzazi asiyekubaliana nayo ana haki gani?

Chimbuko la shule hizi

Mwanzoni mwa karne ya 19, dola la Uingereza halikuwa na shule zake za msingi. Mtoto wa tajiri alifundishwa nyumbani au katika shule za kulipia. Mtoto wa kibarua wa shambani, akibahatika, alijifunza kusoma katika shule ya Jumapili. Mwaka 1811 waumini wa Kanisa la Uingereza, ambalo huku kwetu twalijua kwa jina la Anglikana, waliunda Chama cha Kitaifa cha kuwaelimisha watoto wa maskini kwa misingi ya kanisa hilo. Kwa sababu hiyo shule zake ziliitwa Shule za Kitaifa, ingawa hazikuwa mali ya serikali. Madhehebu mengine ya Kikristo nayo yalijenga shule zao, lakini mijini zaidi. Kijijini, shule ya kanisa ndiyo iliyokuwa shule pekee mara nyingi.

Ilijengwaje? Kwa kawaida mwenye mashamba makubwa alitoa kiwanja, kasisi akachangisha fedha, na wazazi wakalipa peni moja au mbili kila wiki kwa kila mtoto. Kiasi hicho chaonekana kidogo, lakini kwa familia yenye watoto watano na mshahara wa kibarua kilikuwa mzigo. Mwaka 1833 serikali ilitoa kwa mara ya kwanza pauni 20,000 za kusaidia ujenzi wa shule za vyama vya dini, na kuanzia mwaka 1839 ikateua wakaguzi. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Mkono uliotoa fedha ulianza nao kudai hesabu.

Siku ya mwanafunzi

Mtoto wa kijijini alitembea hadi shuleni, pengine maili mbili au tatu, katika matope ya majira ya baridi. Mwandishi Flora Thompson, aliyezaliwa mwaka 1876 katika kitongoji cha Juniper Hill, Oxfordshire, alisoma katika shule ya namna hiyo kijijini Cottisford, na baadaye akayasimulia maisha hayo katika kitabu chake Lark Rise cha mwaka 1939. Aghalabu shule nzima ilikuwa chumba kimoja kikubwa chenye jiko la kuotea moto, na watoto wa rika zote walisoma humo pamoja.

Siku ilianza kwa sala na wimbo wa dini. Kisha lilifuata somo la Biblia na katekisimu, ambalo kasisi mwenyewe alikuja kulifundisha mara kwa mara. Katekisimu haikumfundisha mtoto imani peke yake. Ilimfundisha pia kuwatii wakubwa na kujinyenyekeza mbele yao, na nje ya darasa wasichana walitazamiwa kupiga goti kwa heshima walipopishana na mwenye mashamba. Udongo uwahi ungali maji: hao waliojenga shule waliujua vyema ukweli huo.

Baada ya dini yalikuja masomo matatu yaliyobeba uzito wote: kusoma, kuandika na kuhesabu. Wadogo waliandika kwenye vibao vya mawe, wakubwa kwa kalamu na wino. Wasichana waliongezewa ushonaji. Mwalimu mmoja hakuweza kuwatosha wote, hivyo hapo awali wanafunzi wakubwa waliwafundisha wadogo, njia ambayo kasisi Andrew Bell alikuwa ameijaribu katika makao ya yatima huko Madras, India. Kuanzia mwaka 1846 vijana wa miaka 13 waliweza kuajiriwa kuwa wanagenzi wa ualimu kwa muda wa miaka mitano. Kwa msichana mwerevu wa familia maskini, hiyo ilikuwa mojawapo ya njia chache za kuepuka utumishi wa nyumbani.

Hata hivyo, adui mkubwa wa shule alikuwa shamba. Kulikuwa na ndege wa kuwinga, mawe ya kuokota, nyasi za kukausha, viazi vya kuvuna na masazo ya ngano ya kukusanya. Vitabu vya matukio ambavyo walimu wakuu walilazimika kuviandika vimejaa habari za madarasa yaliyobaki nusu tupu. Likizo yenyewe iliitwa likizo ya mavuno, na ilianza ngano ilipoiva. Usimlaumu mzazi upesi, ewe msomaji: senti chache za mtoto zilikuwa mkate wa familia.

Malipo kwa matokeo

Mwaka 1862 serikali ilitunga kanuni mpya. Shule ilipewa shilingi 4 kwa kila mtoto kulingana na wastani wa mahudhurio. Mtoto aliyezidi umri wa miaka sita na kuhudhuria ipasavyo aliweza kuiletea shule shilingi 8 zaidi, lakini kila somo aliloshindwa mbele ya mkaguzi liliondoa shilingi 2 na peni 8. Piga hesabu: aliyeshindwa masomo yote matatu hakuleta chochote katika zile shilingi nane.

Matokeo yake wayaona. Mwalimu alijikita katika yale yaliyolipwa. Watoto walikariri kitabu cha kusomea hata wakaweza kukisoma bila kukitazama. Mtoto mzito wa kuelewa aligeuka kuwa hasara, na siku ya ukaguzi ikawa siku ya hofu kwa mwalimu na mwanafunzi. Mshairi Matthew Arnold, ambaye mwenyewe alikuwa mkaguzi wa shule, aliupinga mpango huo waziwazi. Uliachwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1890. Kanuni hiyo ndiyo iliyogawa masomo katika ngazi sita, na mtindo wa Waingereza wa kuhesabu ngazi hizo ulivuka bahari: ndio tuliourithi tunaposema darasa la kwanza, la pili, na kuendelea.

Haki ya kukataa

Sheria ya mwaka 1870 iliruhusu bodi za umma kujenga shule pale zilipopungua. Pia iliziwekea shule zote zilizopokea fedha za serikali sharti muhimu: mzazi alikuwa na haki ya kumtoa mwanawe katika somo la dini. Somo hilo lilipaswa kuwekwa mwanzoni au mwishoni mwa kipindi cha masomo, ili mtoto huyo asikose mengine. Mwaka 1880 mahudhurio yakawa ya lazima kwa watoto wa miaka 5 hadi 10, na kuanzia mwaka 1891 wazazi wengi waliondolewa ada.

Sasa fikiri. Sheria inamlazimisha mtoto kwenda shule, na shule iliyopo ni ya dhehebu lisilo lake. Haki ya kukataa imo katika karatasi. Lakini baba yake ni kibarua wa mwenye mashamba, anaishi katika nyumba ya mwenye mashamba, na mwenye mashamba huyo yumo katika usimamizi wa shule. Ni wangapi wangethubutu kuitumia haki hiyo? Haki isiyoweza kutumiwa bila kuhatarisha paa na mkate ni haki nusu.

Manung'uniko hayo yalilipuka sheria ya mwaka 1902 ilipoamuru shule za kanisa zigharamiwe kwa kodi za mitaa. Wakristo wengi wa madhehebu mengine walikataa kulipa kodi hiyo. Baadhi walinyang'anywa mali, wengine wakafungwa jela. Suluhu ya kudumu zaidi ililetwa na sheria ya mwaka 1944, iliyozipa shule za kanisa njia mbili kuu. Shule iliyotaka kanisa libaki na wajumbe wengi katika bodi ilichangia sehemu ya gharama za majengo. Ile iliyotaka kugharamiwa yote ilikubali wajumbe wa kanisa wawe wachache. Mpango huo ungali unafanya kazi. Leo takriban robo ya shule za msingi za Uingereza ni za Kanisa hilo, nyingi zikiwa ndogo na za vijijini, na mzazi bado ana haki ya kumwondoa mtoto katika ibada na somo la dini.

Funzo kwetu

Historia hii si ya mbali. Wamisionari wa Kianglikana walifungua shule Unguja na bara katika karne ya 19, na chuo chao cha Kiungani kilianza mwaka 1869. Tanzania ilitwaa shule za mashirika ya dini kwa sheria ya mwaka 1969. Kenya ilichagua njia nyingine: serikali inaajiri walimu katika shule za umma, na makanisa yakabaki na nafasi ya wafadhili. Nchi tatu zilikabiliwa na swali moja zikatoa majibu matatu.

Kanisa lilimfikia mtoto wa kibarua wakati dola lilikuwa limelala, na hilo halifutiki. Lakini anayejenga darasa hupata pia uwezo wa kuamua mtoto ainame mbele ya nani. Raia mwema hushukuru kwa jengo, kisha huendelea kuuliza.

Maswali ya kutafakari

1. Kwa nini shule ya kanisa ilikuwa na nguvu zaidi kijijini kuliko mjini?
2. Eleza faida moja na hasara mbili za kuilipa shule kulingana na matokeo ya mitihani.
3. Je, shule iliyo karibu nawe inamilikiwa na nani, na wazazi wana sauti gani katika bodi yake?