Kamera za kifuani za polisi: ipi ingefaa Handeni na Korogwe?

Wadau, kila ikizungumzwa habari ya trafiki wa njia ya Mkata, Segera na Korogwe hapakosi mtu wa kusema "wavalishwe kamera tu, mchezo uishe". Haya, tuseme wazo limekubaliwa na hela ipo. Inanunuliwa kamera ipi? Hapo ndipo watu huanza kutazamana. Mimi kazi yangu ni kufunga kamera za ulinzi madukani na kwenye gesti, Korogwe mjini na mara mojamoja Handeni, kwa hiyo leo nalieleza kwa upande wa fundi. Sina undugu na muuzaji yeyote, na wala siuzi hizi za kifuani.

Kwanza kitu chenyewe, kwa ambao hawajakishika. Ni kikamera kama pakiti ya sigara, kinabanwa kifuani kwenye sare. Ndani kuna lenzi, maikrofoni, betri na memori. Askari anabonyeza, kinaanza kurekodi, taa inawaka ili hata dereva aone anarekodiwa. Zamu ikiisha anakichomeka kwenye kabati la kuchajia lililoko kituoni, na hapo video zinashushwa kwenda kwenye seva huku betri ikijazwa. Watu wengi wanalinganisha lenzi. Mimi nasema linganisheni kabati na seva, na nitawaeleza kwa nini.

Miaka ya nyuma nilifunga kamera nane kwenye duka moja la vipuri lililopakana na barabara kuu hapa Korogwe. Nikaweka hadi diski ya terabaiti moja, picha safi, mwenye duka akafurahi, nikalipwa. Baadaye kijana wa boda akagongwa mbele ya lile duka na gari likakimbia. Ndugu zake wamekuja wiki ya nne, baada ya mazishi na baada ya kuhangaika huku na kule, wakiwa na barua ya kuomba video. Hakuna kitu. Kamera nane, kila moja ikitumia kama megabiti moja kwa sekunde, zinakula gigabaiti 86 kwa siku, yaani ile diski inajaa kwa siku 11 na ushee halafu inajifuta yenyewe na kuanza upya. Kosa lilikuwa langu. Nilimuuliza mwenye duka anataka kamera ngapi, sikumuuliza anataka kuhifadhi siku ngapi. Mama wa yule kijana aliniangalia tu, hakusema neno. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa mteja ni siku ngapi, na la pili ni nani atashika nywila ya kufuta.

Sasa turudi kwa polisi. Sokoni kuna makundi kama matatu hivi.

Kundi la kwanza ni la Axon ya Marekani, kampuni ile ile iliyokuwa ikiitwa TASER hadi 2017. Kamera zao (Body 2, Body 3, na Body 4 iliyotoka 2023) ndizo zimetapakaa kwenye idara za polisi Marekani na Uingereza. Betri mtengenezaji anaitaja kuwa ya saa 12, memori haitolewi, na video zinapanda kwenye seva zao za mbali ambako kila aliyefungua, aliyetazama au aliyekata kipande anaandikwa jina. Kwa utunzaji wa ushahidi ni kazi nzuri sana, sitaki kuwadanganya. Ila hununui kamera, unanunua mkataba. Unalipa kwa kila askari, kila mwaka, na ukiacha kulipa unabaki na kamera ambazo bila ule mfumo hazina kazi.

Kundi la pili ni Motorola Solutions, ambao mwaka 2019 waliinunua WatchGuard na kurithi kamera ya V300. Hii ina vitu viwili ninavyovipenda. Betri inachomoka, kwa hiyo askari aliyeko porini anabadilisha kama tulivyokuwa tukibadilisha betri za simu zamani. Halafu inaendelea kuandika kwenye memori hata kama askari hakubonyeza, na msimamizi anaweza kurudi nyuma kuchukua kipande kilichopita kabla hakijaandikiwa juu. Pia mfumo wake unaweza kuwekwa kwenye seva yako mwenyewe badala ya kukaa mbali.

Kundi la tatu ni za China. Hapa kuna wakubwa kama Hikvision na Hytera, na kuna zile zisizo na jina la maana ambazo ukiagiza zinakuja na nembo yoyote utakayo. Bei ni chini, kabati lake lina hadi diski ndani, hakuna ada ya mwaka. Za wakubwa ni imara. Hizi zisizo na jina jamani muwe macho: nyingine memori kadi inatolewa kwa ukucha, nyingine ukichomeka kwenye kompyuta inafunguka kama flashi ya kawaida, unafuta unachotaka na kurudisha. Nyingine betri ikiisha kabisa saa inarudi nyuma, kesho yake video inaonyesha tarehe ya miaka iliyopita. Wakili gani ataacha hiyo ipite?

Sasa hesabu, maana hapa ndipo mradi unapofia. Chukua kamera 20 kwa wilaya moja, kila moja irekodi saa 4 kwa siku. Kwa picha ya kawaida ya 720, megabiti 2 kwa sekunde, saa moja ni gigabaiti 0.9. Zidisha: gigabaiti 72 kwa siku. Ukitaka picha kali ya 1080 kwa megabiti 4, ni 144. Tubaki na 72. Tuseme kituo kina laini ya kupandisha megabiti 5 kwa sekunde bila kukatika. Kupandisha video za siku moja kutachukua saa 32. Siku ina saa 24, mnaona wenyewe. Video za Jumatatu hazijaisha, za Jumanne zimeshafika, na mrundikano unazidi kukua kila siku hadi kamera zinajaa. Askari atafanya nini na kamera iliyojaa? Atafuta, au atailaza mezani.

Kwa hiyo kwa Handeni na Korogwe mfumo wa kupandisha kila kitu mbali sioni ukikaa. Seva iwe kituoni, hadi diski mbili zinazonakiliana ili moja ikifa nyingine ibaki, na kinachopanda kwenda mkoani au Makao Makuu kiwe ni vipande vyenye malalamiko, ajali, matumizi ya nguvu na kesi. Kwa siku 90 zile kamera 20 zinahitaji kama terabaiti 6.5. Hiyo siyo hela ya kutisha. Na kwa nini 90? Kwa sababu mwananchi wa kijiji cha ndani, mathalani mfugaji wa Msomera ambako familia za Ngorongoro zilianza kuhamia Juni 2022, hatoki kesho yake kuja wilayani kulalamika. Anasubiri apate nauli na mtu wa kumsindikiza. Siku 30 ni za mtu wa mjini.

Umeme ni jambo la haraka: kabati likose betri ya akiba na umeme ukikatika katikati ya kushusha video, unaweza kuharibu faili. Joto nalo lisipuuzwe. Betri za lithiamu hazipendi kuchajiwa kwenye chumba chenye joto kupita nyuzi 45, na Korogwe ya Februari chini ya bati mnaijua. Oktoba 2018 kamera moja ya Vievu aina ya LE-5 ilishika moto ikiwa kwa askari wa New York, naye akawahi kuivua. Polisi wa jiji wakaziondoa karibu 3,000 za aina hiyo. Hao walikuwa wananunua kwa hela nyingi, sembuse sisi na za nembo yoyote.

Usiku je? Tangu mabasi yaruhusiwe kutembea usiku mwaka 2023, ukaguzi wa gizani umekuwa mwingi. Wauzaji watakuja na kamera yenye taa za infraredi inayoona gizani kama paka. Inavutia, lakini kuna watengenezaji wanaokwepa taa hizo makusudi. Kamera ikiona kisu ambacho jicho la askari halikukiona, au ikionyesha mikono mitupu ambayo askari hakuweza kuiona, mahakamani utabishana nini? Mimi ningechagua lenzi nzuri ya mwanga hafifu na kuachana na infraredi.

Tuje kwenye kitufe. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Kamera ambayo askari anaiwasha na kuizima apendavyo itarekodi yale anayotaka yaonekane. Dawa ya nusu ni ile akiba ya kabla ya kubonyeza: kamera inazunguka muda wote ikishika sekunde 30 za nyuma, mara nyingi bila sauti, na ukibonyeza zinaungana na video. Hiyo ndiyo iliyomuumbua askari wa Baltimore mwaka 2017. Aliweka kipakiti cha dawa za kulevya kwenye takataka, akatoka, akawasha kamera, akaenda "kukigundua". Hakukumbuka zile sekunde 30. Alikuja kutiwa hatiani 2018. Kamera isiyo na akiba hiyo msiipokee hata kama ni ya bure.

Kwa trafiki wetu sekunde 30 za nyuma zina maana yake. Mazungumzo ya tochi yanaanza kabla ya karatasi: "dereva umezidisha, tufanyeje?" Faini ya bodaboda ilishushwa mwaka 2021 kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, na malipo yakawa kwa kontroo namba, lakini maongezi ya pembeni hayana kontroo namba. Ningeomba akiba iwe na sauti kwa trafiki, hata kama kwa doria za mitaani haitakuwa nayo. Najua wapo watakaonipinga kwamba askari naye ana faragha yake akiwa anaongea na mwenzake. Ni hoja, siikatai, ila akiwa kizuizini barabarani yuko kazini.

Na haki ya askari pia ipo, tusijifanye hatuioni. Wapo madereva wanaotukana na makonda wanaodai wameombwa hela wakati hawakuombwa. Mwaka 2024 Mamlaka ya Mapato ya Kenya ilipotangaza kuwavisha maofisa wake kamera za mwilini, shabaha ilikuwa rushwa, lakini ofisa mwaminifu naye anapata shahidi.

Je, zinabadilisha tabia? Hapa wauzaji wanasema nusu. Watakuonyesha utafiti wa Rialto, California, wa 2012 na 2013: askari 54, malalamiko yakashuka kutoka 24 hadi 3 kwa mwaka. Hawatakuonyesha wa Washington wa 2017, askari zaidi ya 2,000, ambapo wenye kamera na wasio nazo hawakutofautiana kwa maana yoyote. Mji mdogo, mkuu mkali anayefuatilia video, matokeo yanaonekana. Jeshi kubwa ambalo video zinalala tu, hamna. Kwa hiyo bajeti iwe na mshahara wa mtu wa kutazama. Hata video 10 kwa wiki zilizochaguliwa bila mpangilio zinatosha kuwaweka watu sawa.

Kisheria uwanja upo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki, ila uzito wake unapimwa kwa kuangalia ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na kama haukuchezewa. Ndiyo maana memori kadi ya kuchomoka ni sumu. Kisha kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Fikiria ile ajali ya usiku wa 3 Februari 2023 pale Magila Gereza, Coaster iliyobeba msiba kwenda Moshi kugongana na Fuso, watu 17 wakapoteza maisha kwa taarifa za awali. Askari wa kwanza kufika angekuwa na kamera, angerekodi kila kitu. Hiyo video ikivujia WhatsApp kabla familia haijapigiwa simu? Au video ya binti aliyekuja dawati la jinsia na watoto? Kamera zizimwe kwenye dawati hilo, na kila nakala inayotoka kwenye seva ibebe jina la aliyeitoa, limechapwa juu ya picha.

OCD wa Handeni haendi dukani kununua, hilo linajulikana. Zabuni zinapita kwenye mfumo wa NeST uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023, na masharti yanaandikwa mbali na Segera. Ndiyo sababu masharti yenyewe yatamke: memori isiyotolewa na iliyofungwa kwa siri, akiba ya nyuma isiyopungua sekunde 30, saa inayojisahihisha kila ikichomekwa kabatini, betri inayobadilishika, seva kituoni ya siku 90, na kufuta kusiwezekane kwa askari wala kwa mkuu wa kituo peke yake. Kwa masharti hayo, ukiniuliza leo, V300 au mmoja wa wale wakubwa wa China mwenye seva ya ndani ndiye angefaa, na Axon ningemwacha kwa makao makuu ya mikoa yenye laini nzuri.

Na kabla ya kulipa, wauzaji walete kamera tano tano za majaribio kwa miezi mitatu. Mbili zikae kizuizini Segera mchana na usiku, mbili zipande pikipiki kwenda vijijini kwenye vumbi, moja aachiwe askari mzembe kuliko wote kituoni. Ile ya mwisho ndiyo nitakayoomba kuifungua mwenyewe.