Jinsi ya kutambua na kufidia udhaifu wa sumaku katika mota za magari ya umeme

MNUNUZI wa gari la umeme lililotumika aghalabu huuliza kuhusu betri. Hutaka kujua imesalia na uwezo gani, itamfikisha kilomita ngapi na itamgharimu pesa ngapi kuibadilisha. Ni nadra kumsikia akiuliza kuhusu sumaku zilizo ndani ya mota, ilhali nazo huweza kudhoofika. Zikidhoofika, gari hula umeme mwingi, mota huchemka upesi na hatimaye gari hulemewa mlimani likiwa na mzigo.

Suala hili linawagusa Wakenya. Mabasi ya umeme yalianza kubeba abiria jijini Nairobi mwaka wa 2022, na pikipiki za umeme zimeenea miongoni mwa wahudumu wa bodaboda. Isitoshe, magari yanayotumia petroli pamoja na umeme, mfano wa Toyota Prius iliyoanza kuuzwa nchini Japani mwaka wa 1997, yamekuwa katika barabara zetu kwa muda mrefu. Mengi ya magari haya yana mota zenye sumaku za kudumu.

Si mota zote zilizo hivyo. Tesla Model S ilipozinduliwa mwaka wa 2012 ilikuwa na mota isiyo na sumaku ya kudumu hata moja. Kwa hivyo, swali la kwanza la mnunuzi au fundi liwe: mota hii ni ya aina gani?

MOTA YENYEWE

Mota ya sumaku za kudumu ina sehemu mbili kuu. Stata ni sehemu isiyosonga, nayo imezungushiwa nyaya za shaba. Rota ni sehemu inayozunguka, na ndiyo iliyopachikwa sumaku. Umeme unapopita katika nyaya za stata, huzigeuza kuwa sumaku ya muda ambayo huvuta sumaku za rota na kuizungusha.

Nguvu ya kuzungusha hutegemea mambo mawili makuu: kiasi cha mkondo wa umeme na nguvu za sumaku. Sumaku ikipungua nguvu, mkondo sharti uongezwe ili gurudumu lipate msukumo ule ule. Kazi hiyo hufanywa na kidhibiti cha mota, yaani tarakilishi inayopima na kugawa umeme kutoka kwenye betri. Dereva huweza asihisi lolote kwa muda mrefu, na hapo ndipo hatari inapojificha.

Sumaku zinazotumiwa zaidi ni za mchanganyiko wa neodimi, chuma na boroni. Zilibuniwa mapema katika miaka ya 1980 na watafiti wa General Motors ya Marekani na wenzao wa Sumitomo ya Japani, kila upande ukifanya kazi kivyake. Zina nguvu nyingi mno zikilinganishwa na umbo lao dogo. Hata hivyo, joto ni adui yao mkubwa.

UDHAIFU WA AINA MBILI

Aina ya kwanza ni udhaifu wa muda. Kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi inayoongezeka, sumaku ya neodimi hupoteza takriban asilimia 0.12 ya nguvu zake. Rota ikitoka nyuzi 20 hadi 120, sumaku huwa imepungua kwa karibu asilimia 12. Ikipoa, nguvu hizo hurejea zote. Huu si ugonjwa, bali ni tabia ya sumaku yenyewe.

Aina ya pili ni udhaifu wa kudumu. Sumaku inapopata joto, uwezo wake wa kustahimili nguvu zinazoipinga hupungua kwa kasi zaidi, takriban asilimia 0.6 kwa kila nyuzi. Hivyo, kufikia nyuzi 120 sumaku huweza kuwa imepoteza zaidi ya nusu ya ustahimilivu huo. Stata ikiipinga kwa mkondo mkubwa wakati huo, sehemu ya sumaku hupoteza nguvu zisirejee hata ikipoa. Hali hiyo hutokea hasa umeme unapopiga shoti ndani ya mota au kidhibiti, au gari linapolazimishwa kufanya kazi nzito ilhali mfumo wa kupoza joto umeharibika. Joto likifika karibu nyuzi 310, sumaku ya kawaida ya neodimi hupoteza usumaku wake wote.

Watengenezaji huongeza madini ya disprosi au terbi ili sumaku istahimili joto zaidi. Madini hayo ni adimu na ghali. Bei yake ilipanda mno mwaka wa 2011 China ilipobana mauzo ya nje, na mnamo Aprili 2025 nchi hiyo iliyawekea madini hayo mawili masharti mapya ya kuyauza ng'ambo. Kutokana na hali hiyo, kampuni nyingi zimejitahidi kuyapunguza. Madini hayo yanapopunguzwa bila kuwepo mbinu nyingine ya kuimarisha sumaku, mota hubaki na kinga ndogo dhidi ya joto.

Vile vile, sumaku za neodimi hushika kutu rangi inayozifunika ikibambuka na maji yakapenya. Jambo hili lina uzito kwa pikipiki ambazo mota yake imo ndani ya gurudumu, kwani hupita madimbwini kila msimu wa mvua.

NAMNA YA KUTAMBUA

Mtu angedhani dawa ni kutia kipimajoto kwenye rota. Lakini rota za magari mengi huweza kuzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, na kuziunganisha na waya ni shida. Kwa hivyo, vipimajoto huwekwa kwenye stata, kisha kidhibiti hukadiria joto la rota kwa hesabu. Makadirio hayo huweza kukosea, kwani stata hupoa upesi ilhali rota iliyofungiwa ndani bado ina moto.

Njia iliyo wazi zaidi ya kupima sumaku ni kuisikiliza mota ikizunguka bila kupewa umeme. Mota inayozungushwa huwa jenereta na huzalisha volti zake yenyewe. Volti hizo hulingana na kasi ya mzunguko na nguvu za sumaku. Kasi ikijulikana, volti hutoboa siri ya sumaku.

Tuchukue mfano. Tuseme mota ikiwa mpya, kwenye nyuzi 20, huzalisha volti 200 inapozunguka mara 3,000 kwa dakika. Rota ikiwa na nyuzi 80, tunatarajia volti zipungue kwa asilimia 7.2 hadi karibu 186. Kipimo kikisoma 186, sumaku ni nzima na joto ndilo lililopunguza volti. Kikisoma 172, kuna volti 14 ambazo joto haliwezi kuzieleza. Huo ndio udhaifu wa kudumu.

Kanuni ya kwanza basi ni hii: linganisha vipimo vya kiwango kimoja cha joto. Wakati mwafaka ni asubuhi, baada ya gari kulala usiku kucha, kwa kuwa rota na stata huwa zimefikia joto moja.

Gari likiwa safarini, kidhibiti hukadiria nguvu za sumaku kutokana na volti, mkondo na kasi. Hesabu hii hutegemewa kwenye kasi ya kati na ya juu. Kwenye kasi ndogo, volti za sumaku ni chache mno na hufunikwa na zile zinazopotea katika nyaya. Nyaya nazo hubadilika: ukinzani wa shaba huongezeka kwa takriban asilimia 39 joto linapotoka nyuzi 20 hadi 120. Kidhibiti kisichozingatia hilo huweza kuisingizia sumaku kosa la nyaya.

Kuna dalili nyingine zinazofanana na udhaifu wa sumaku. Kitambuzi kinachoonyesha mahali rota ilipo kikikaa upande, mota hukosa nguvu ingawa sumaku ni nzima. Jaribio la kuizungusha bila umeme hutenga makosa haya mawili, kwa maana kitambuzi hicho hakibadilishi ukubwa wa volti zinazozalishwa. Ikiwa awamu moja tu kati ya tatu ndiyo iliyopungua volti, mara nyingi nyaya za stata ndizo za kushukiwa. Mtetemo au mvumo mpya unaofuata kasi ya mzunguko nao huweza kuashiria kwamba sumaku za upande mmoja zimedhoofika kuliko nyingine, ingawa fundi sharti kwanza aondoe shaka kuhusu beringi.

KUFIDIA KUNA GHARAMA

Kidhibiti kikishajua kiasi cha udhaifu, huweza kurekebisha majedwali yake na kuongeza mkondo. Hata hivyo, fidia hii ni kama mkopo wenye riba. Katika mota inayotegemea sumaku pekee, upungufu wa asilimia 12 huhitaji mkondo uongezwe kwa karibu asilimia 14. Joto linalozalishwa katika nyaya hufuata mraba wa mkondo, hivyo huongezeka kwa takriban asilimia 29. Joto hilo hufika kwenye rota, huipunguzia sumaku nguvu tena, na mkondo zaidi huhitajika. Mduara huo usipokatizwa, udhaifu wa muda huweza kugeuka wa kudumu.

Fidia ya busara huanza kwingine. Katika magari mengi, sumaku zimezikwa ndani ya chuma cha rota, na chuma hicho chenyewe huvutwa na stata. Kidhibiti huweza kubadilisha pembe ya mkondo ili chuma kibebe sehemu kubwa zaidi ya kazi. Pili, kwenye kasi kubwa kidhibiti hutumia mkondo maalumu kuipinga sumaku ili volti zisizidi zile za betri. Sumaku dhaifu huhitaji kupingwa kidogo, kwa hivyo mkondo huo yafaa upunguzwe. Ukiachwa ulivyo, unapoteza umeme bure na kuiongezea sumaku mzigo.

Tatu, na hili ndilo muhimu kuliko yote, kidhibiti kiwe na mpaka. Rota ikikaribia joto la hatari, nguvu za mota zipunguzwe na dereva aarifiwe. Basi lililojaa abiria, likipanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru, heri liende polepole kuliko kuilazimisha mota hadi sumaku ziharibike. Ikumbukwe pia kwamba mota hiyo hiyo husaidia kupunguza mwendo kwenye mteremko. Iwapo kidhibiti hakijui kuwa sumaku imedhoofika, msaada huo utakuwa mdogo kuliko dereva alivyouzoea, na breki za kawaida zitabeba kilichosalia.

Sumaku iliyodhoofika kabisa haiponywi na programu. Huhitaji kutiwa usumaku upya kwa mtambo maalumu, au rota nzima kubadilishwa. Fundi asiye na vifaa asijaribu kuichomoa rota kwa mikono, kwani sumaku hizo huweza kumponda vidole.

Kwa wenye magari na pikipiki, kinga ni nafuu kuliko tiba. Mfumo wa kupoza mota ukaguliwe mara kwa mara, onyo la joto lisipuuzwe, na kipimo cha volti za mota ikiwa baridi kiandikwe gari lingali jipya. Bila rekodi hiyo ya mwanzo, fundi wa miaka mitano ijayo hatakuwa na cha kulinganisha. Mwenye kununua gari lililotumika naye aiulizie, kama anavyouliza kuhusu betri. Usipoziba ufa utajenga ukuta.