Joto na Utulivu wa Transista

Transista haikuzi sauti vizuri mpaka ipewe kwanza mkondo mdogo wa kudumu, unaoitwa bayasi. Mkondo huo huiweka katikati ya uwezo wake, ili mawimbi ya sauti yapande na kushuka bila kukatwa vilele. Kuupata ni rahisi. Kuuzuia usihame ndiyo kazi iliyowatoa jasho wahandisi wa miaka ya 1950.

Transista ya kwanza, iliyoundwa na John Bardeen na Walter Brattain katika maabara za Bell huko Marekani mnamo Desemba 1947, ilikuwa ya gerimani. Madini haya huvujisha umeme, na mvujo huo hukaribia kuongezeka maradufu kila joto likipanda nyuzi 10 hivi. Mkondo ukizidi, transista hupata moto. Ikipata moto, mkondo huzidi tena, hadi inaungua. Tena, transista mbili za aina moja zingeweza kutofautiana sana kwa nguvu ya kukuza. Saketi yenye risista moja tu kutoka betri hadi besi (mguu wa transista unaoongoza mkondo) haikuwa na kinga dhidi ya lolote kati ya hayo.

Dawa ilikuwa risista mbili za kugawa volteji ya besi, na nyingine kwenye emita, mguu ambao mkondo wote wa transista hupitia. Mkondo ukipanda, volteji ya emita hupanda nayo, pengo kati yake na besi hupungua, na transista hujirudi yenyewe. Huu ni ubunifu mzuri mno: utulivu hautegemei tena transista, bali risista za bei ndogo.

Njia nyingine ilikuwa kuacha gerimani na kutumia silikoni. Mei 1954, mjini Dayton, Ohio, Gordon Teal wa Texas Instruments alitumbukiza transista ya gramafoni katika mafuta ya moto. Ya gerimani ilinyamaza. Ya silikoni iliendelea kupiga santuri, na ukumbi ukashuhudia.

Hata hivyo silikoni haikumaliza tatizo, kwa kuwa volteji inayoihitaji kati ya besi na emita hushuka milivolti 2 hivi kwa kila nyuzi moja ya joto. Ndiyo maana katika amplifaya nyingi za muziki diodi ya bayasi hufungwa kwenye bati lilelile la kupozea transista kubwa: zikipata moto, nayo hupata moto, na bayasi hupungua.