Nyumba ya Deepgreen Lane

Matangazo ya nyumba Nairobi ni wimbo mmoja: vyumba vitatu, maji ya kisima, pa kuegesha gari, shule karibu, lami hadi getini. Kitu ambacho hayakwambii ni nani aliwahi kukatazwa kuingia.

Sasa chukua nyumba moja iliyoko Deepgreen Lane, Levittown, jimbo la Pennsylvania. Haina ghorofa, ina vyumba vitatu vya kulala na kiwanja chake cha nyasi. Kampuni ya Levitt ilianza kujenga mtaa huo 1952, kwenye yaliyokuwa mashamba, na ilipomaliza nyumba zilikuwa 17,311. Zilijengwa kama magari kiwandani, isipokuwa hapa gari lilisimama na mafundi ndio waliotembea: kundi moja la misumari, lingine la rangi, nyumba hadi nyumba. Kulikuwa na shule, viwanja vya michezo, mabwawa ya kuogelea na maduka. Raha tupu, mradi uwe mzungu.

Hiyo haikuwa siri. Katika Levittown ya kwanza, ile ya New York, mkataba ulikataza mtu yeyote asiye mzungu kuishi humo, ila awe mtumishi wa nyumbani. Ukisikia hapo harufu ya Nairobi ya mkoloni, hujakosea. Hati za ploti kwenye mitaa ya Wazungu huku kwetu zilikuwa na sharti la aina hiyohiyo: Mwafrika au Mhindi asilale hapo, isipokuwa ni boi au yaya. Bahari nzima katikati, lakini mawakili wakaandika kitu kimoja.

Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba korti haziwezi kutekeleza masharti kama hayo. Levitt hakujali. Aliendelea tu kutowauzia watu weusi, kimyakimya, na nyuma yake kulikuwa na mikopo ya nyumba iliyodhaminiwa na serikali.

Lakini nyumba ikishauzwa mara moja, mwenyewe ana haki ya kuiuza tena. Hapo ndipo ukuta ulipopata ufa. Agosti 1957, mwenye nyumba ya Deepgreen Lane aliiuzia familia ya William na Daisy Myers. William alikuwa amewahi kuwa mwanajeshi katika Vita vya Pili. Daisy alikuwa mwalimu. Walikuwa na watoto watatu, na walitaka nafasi zaidi. Basi. Hawakwenda kuandika historia, walikwenda kutafuta chumba cha mtoto.

Jioni ileile umati ukajaa barabarani. Mawe yakavunja madirisha, na usiku mwingine jiwe likamzimisha polisi. Polisi wa jimbo walibidi waletwe. Misalaba ikachomwa. Nyumba tupu ya jirani ikageuzwa kambi ya kuwasumbua, muziki juu, bendera ya majimbo ya kusini ikipepea. Wapo majirani wazungu waliosimama nao kuwalinda, na hao pia wakapakwa matusi kwenye kuta zao. Mwishowe korti ikawapiga marufuku viongozi wa fujo.

Akina Myers walikaa hadi 1961, wakahama. Mwaka 1999 meya wa eneo hilo alimwalika Daisy, akamwomba radhi hadharani. William alikuwa ameshafariki.