'Lop-eared': Masikio yaliyolegea, si yaliyokatwa

KIVUMISHI 'lop-eared' cha Kiingereza hutumiwa kumwelezea mnyama ambaye masikio yake yamelegea na kuning'inia kandokando ya kichwa badala ya kusimama wima.

Utata wake unatokana na neno 'lop'. Kuna kitenzi chenye umbo hilo ambacho maana yake ni kukata, aghalabu matawi ya mti. Katika kivumishi hiki, hata hivyo, 'lop' ni kulegea au kuning'inia. Mfasiri asiyetofautisha maana hizo mbili ataandika "sungura aliyekatwa masikio". Msomaji naye atadhani mnyama ametendewa ukatili, ilhali mfugaji atadhani ametiwa alama ya umiliki, kwa maana mifugo hukatwa pembe za masikio ili itambulike.

Mnyama aliyekatwa masikio huitwa 'crop-eared'. Neno hilo limewahi kutumiwa hata kwa binadamu. Nchini Uingereza, mwanasheria William Prynne alikatwa masikio mwaka wa 1634 kama adhabu kwa maandishi yake. Mwaka wa 1637 aliadhibiwa tena, na sehemu iliyosalia ikaondolewa.

Mifano ya matumizi sahihi ni mingi. Sungura wa aina ya English Lop wanasifika kwa masikio yao. Nchini Marekani, masikio ya mmoja wao yalipimwa mwaka wa 2003 yakawa sentimita 79 kutoka ncha moja hadi nyingine. Mbuzi wa Boer, ambao asili yao ni Afrika Kusini, huelezewa kwa kivumishi hicho hicho. Vivyo hivyo nguruwe wa Landrace, ambao masikio yao huangukia mbele kuelekea machoni. Nguruwe wa Large White, kinyume chao, masikio yao husimama. Hao ni 'prick-eared'.

Ikumbukwe kwamba urefu si hoja. Punda ana masikio marefu lakini yamesimama, hivyo kivumishi hicho hakimfai.

Katika Kiswahili, tafsiri iliyo wazi hupatikana kwa kutumia '-enye': sungura mwenye masikio yaliyolegea, mbuzi wenye masikio yanayoning'inia. Maneno huongezeka, lakini maana hubaki salama. Anayenunua mifugo kwa kutegemea maelezo ya gazetini hatapotoshwa.